Chupa Zilizobatizwa

Panya mweupe akianza kupooza, kitu cha kwanza kufa ni mkia. Unamwinua kwa shina la mkia, na badala ya mkia kujikunja na kukuzunguka kidole, unaning'inia tu kama kamba ya kiatu. Hapo unaandika moja. Baada ya siku moja au mbili miguu ya nyuma inaanza kuyumba, unaandika mbili. Akiiburuta, tatu. Miguu ya mbele nayo ikilegea, nne. Akifa, tano. Nilifanya kazi hiyo miaka mitatu hapa Lubumbashi, kila asubuhi saa mbili, mimi peke yangu, kwa sababu kanuni inataka mkono ule ule na jicho lile lile. Siku hizi nikiona mkia wa panya, hata wa jikoni, mate yananijaa mdomoni na lazima nitoke nje nikateme.

Watu wakisikia neno maabara wanawaza vioo vinavyong'aa. Yetu ilikuwa stoo ya zamani yenye dirisha moja, na dirisha lenyewe halikufunguka. Panya wa kwanza walishuka uwanja wa Luano kwa ndege, ndani ya masanduku yenye matundu na karatasi za forodha, wakapokelewa vizuri kuliko abiria. Baada ya hapo walizaana wenyewe, na mkojo wao ukaingia ukutani, kwenye koti langu, kwenye nywele zangu. Kanisani Jumapili watu waliniachia nafasi kubwa kwenye benchi, nami kwa muda mrefu nilidhani ni heshima.

Ugonjwa tuliokuwa tunauchunguza madaktari wetu huuita kwa Kifaransa sclérose en plaques. Ni mwili kujigeukia. Zile chembe za damu zinazopaswa kupigana na vijidudu zinaingia kwenye ubongo na uti wa mgongo, zinaanza kula ganda linalofunika mishipa ya fahamu. Nani katika mji huu asiyejua waya wa shaba uliobanduliwa ganda? Umeme unapita unapotaka wenyewe, au haupiti kabisa. Mgonjwa anapoteza jicho, mkono, miguu, na hajui kesho itakuwa zamu ya nini.

Panya hapati ugonjwa huu mwenyewe, lazima umpe. Unachinja simbilisi, wale cobaye ambao watu wanafuga uani, unatoa uti wa mgongo, unausaga pamoja na mafuta mazito mpaka uwe uji mweupe, kisha unamdunga panya uji ule chini ya ngozi. Mwili wake unajifunza kuuchukia, na baada ya siku kumi hivi unaanza kuuchukia na ubongo wake mwenyewe. Mimi ndiye niliyesaga. Blenda ilitoka sokoni, na kwenye boksi lake kulikuwa na picha ya mama mmoja akicheka, anatengeneza juisi ya nanasi. Sijanywa juisi ya nanasi tangu wakati huo.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tulipeleka panya kwenye kliniki moja ya binafsi iliyokuwa na mashine ya IRM, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Ilikuwa mashine ya watu. Siku hiyo hapakuwa na wagonjwa, na Shefu wetu, mkuu wa maabara, alikuwa na urafiki wake na mwenye kliniki. Nilimlaza panya kwa sindano ya usingizi, nikatia mkia wake kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu ili mshipa uvimbe, nikamdunga dawa ya kung'arisha, kisha nikamwingiza kwenye kile kifaa cha duara kinachotumika kwa watu wenye maumivu ya kifundo cha mkono. Kilimtosha panya vizuri. Tukimaliza nilifuta mavi na manyoya kwa javel, dawa ya kuua vijidudu, na Jumatatu asubuhi mama wa watu alilala pale pale, akatia mkono wake mle mle, akamshukuru Mungu kwa kliniki safi.

Hiyo dawa ya kung'arisha, sisi tuliita produit, ndiyo kiini cha mambo haya yote, kwa hiyo nitaieleza vizuri. Ni maji yasiyo na rangi, yenye madini fulani ambayo sumaku inayaona. Ukiyatia kwenye mshipa yanazunguka na damu mwili mzima, ila kwenye ubongo hayaingii, kwa sababu mishipa ya ubongo ina ukuta wake. Palipo na ugonjwa mpya, ukuta umebomoka, produit inavuja, na kwenye picha panang'aa peupe. Palipo peupe ndipo penye moto. Nilijifunza pia kuangalia pua kabla ya kitu kingine. Ndani ya pua hakuna ukuta wa namna hiyo, kwa hiyo pua lazima ing'ae, awe mzima awe mgonjwa. Pua ikiwa nyeusi, ujue produit haikuingia sawasawa, na picha hiyo ni ya kutupa.

Shefu alikuwa mtu wa tai na manukato. Alikuwa anajaribu dawa iliyotokana na majani ya porini, na alitaka kuandika makala ya kisayansi kuonyesha kwamba panya wanaopewa majani hayo moto wao unazimika. Sina ubaya na majani. Bibi yangu alitulea kwa majani. Tatizo lilikuwa chupa. Produit ilitoka mbali, na chupa moja ya mtu mzima tuliigawa kwa panya wengi, tukitoboa mpira wa mdomo wake kwa sindano Jumapili baada ya Jumapili. Mwezi wa nne zikabaki chache. Nikamwambia Shefu.

"Tia mayi kidogo," akasema bila kuinua macho kwenye simu. "Ni bapanya tu. Habatajua."

Nikatia maji ya chumvi. Tukaita kazi hiyo kubatiza, kama wauza maziwa wanavyobatiza maziwa yao. Nilicheka, nakumbuka. Kila chupa iliyobatizwa niliitia alama ya msalaba mdogo kwa wino mweusi chini ya kibandiko, ili tusichanganye na zile mpya mbili zilizobaki, ambazo tuliziweka nyuma kabisa ya rafu kwa ajili ya kazi za mwisho.

Sasa, panya waliopewa majani walikuwa wa kundi la pili; la kwanza, lisilopewa majani, tulishalipiga picha kwa chupa zisizobatizwa. Picha zao zilianza mwezi huo huo wa nne. Bila shaka zikatoka nyeusi. Shefu akazitazama kwenye kompyuta, akasugua mikono, akaita watu waje waone jinsi moto ulivyozimika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilichokiona ni pua. Nikasubiri watu watoke.

"Shefu, na pua yao nayo imezimika."

Akageuka. Alikuwa na tabasamu la mtu anayemwelimisha mtoto.

"Mon cher, pua haiko mu article."

Ningeweza kuondoka siku hiyo. Nilikuwa na miguu miwili mizima na mlango ulikuwa wazi. Badala yake nilienda kuwapa panya chakula. Wale wa majani, kwa habari yako, walikuwa wakiburuta miguu sawa na wengine. Mkono wangu mwenyewe uliandika tatu, tatu, nne. Shefu alisema alama za mkono ni kitu cha maoni, picha haidanganyi.

Kisha wakaja wageni, wale waliotoa vifaa. Siku moja kabla ya kufika kwao, Shefu alipita kwenye rafu, akaona misalaba yangu. "Hii ni nini, makaburi?" Akaniagiza nifute. Nikafuta kwa alkoholi, moja moja. Akaniagiza pia nirudishe vile vifuniko vya plastiki vya rangi ambavyo huwa tunabandua chupa ikifunguliwa. Nilikuwa navyo kwenye droo, sijui kwa nini niliviweka. Nikavigandisha kwa tone la gundi. Chupa zikapendeza. Wageni wakazishika, wakazigeuza, wakazirudisha kila mmoja alipotaka. Wakapigwa picha na Shefu, nami pembeni nimeshika panya mmoja aliyekuwa bado na nguvu.

Nina mdogo wangu wa kike, ndiye ndugu pekee wa tumbo moja niliyebakiwa naye. Anaishi Katuba na mama yetu, kwenye nyumba ambayo babu aliipata enzi zake za kazi ya reli, alipotelemka kutoka kaskazini. Ni fundi wa kushona. Mabibi harusi wa mtaa mzima wanapita kwake, na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake. Wiki chache baada ya wageni alinipigia simu, akaniita Yaya, kama kwetu mdogo anavyomwita mkubwa wake.

"Yaya, mukono yangu inalala. Miye naamuka, yenyewe inabakia mu usingizi."

Nilimwambia ni kushona sana. Wiki iliyofuata akaanza kujikwaa kwenye sakafu tambarare. Mama alisema ni jicho la mtu, akataka kumpeleka kwa wanaoombea wagonjwa. Mimi nilifika nikamtazama akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, na kabla sijampa hata pole, kichwani mwangu sauti ilisema: mbili. Nilijichukia palepale. Ni dada yangu, nimembeba mgongoni, na mimi nampa alama.

Nilimpeleka kwenye kliniki ile ile, kwa sababu ndiyo yenye mashine. Daktari wa picha alikuwa kijana aliyerudi kutoka masomoni, mpole, asiyejua lolote kuhusu Jumapili zetu. Yeye Jumapili alikuwa kwao. Akasema anashuku ugonjwa ule ule, lakini bila produit hawezi kujua kama kuna moto mpya. Moto ukiwepo, atampa cortisone ya mshipani haraka, kabla waya hazijaungua kabisa. Ila produit kliniki haina. Kwetu ndivyo ilivyo: mgonjwa anakuja na dawa yake, na sindano yake, na mara nyingine glavu za daktari. Nikazunguka maduka ya dawa ya mji siku mbili. Hakuna. Labda wiki tatu, wakasema, labda mwezi.

Alhamisi mchana Shefu alikuwa mkutanoni. Nikafungua kabati. Chupa tano zilikuwa zimepangwa vizuri, vibandiko vinatazama mbele, vifuniko vyote vya rangi moja. Mpya ziko nyuma, nikajiambia. Nikaingiza mkono nyuma. Nikaiinua kwenye mwanga wa lile dirisha lisilofunguka, na maji yalikuwa maangavu, kama maji yoyote. Nilisita. Sitaki mtu aniambie kwamba sikujua, kwa sababu nilisita, na mkono ulishajua. Mikono ya wageni ilishapita kwenye rafu ile. Gundi yenyewe ningeweza kuikwaruza kwa ukucha nikaona. Sikukwaruza, kwa sababu ningekuta gundi ningekuwa sina chupa, nami nilitaka kuwa kaka aliyeleta chupa. Nikaitia mfukoni.

Daktari alimdunga mwenyewe. Dada alilala kwenye kitanda kile, akaniuliza kwa nini pananuka javel, nikamwambia ni usafi. Picha zilipotoka daktari alizitazama kwa muda mrefu, akizisogeza mbele na nyuma.

"Madoa iko," akasema, "mais ni ya zamani. Hakuna yenye kuwaka. Donc hatutamupatia cortisone ya bure, ni dawa ya nguvu. Apumuzike, ameze vitamini, turudiliye kuangalia kisha miezi mitatu."

Dada alikuwa anafunga kitambaa chake kichwani, kwa mkono mmoja, na meno.

"Sasa docta, kama moto haiko, juu ya nini miye niko naungua?"

Daktari alitabasamu kwa huruma. Mimi nilitabasamu pia, nikachukua diski ya picha, nikamshika dada mkono tukatoka.

Kesho yake kazini niliweka diski ile kwenye kompyuta. Sikuwa natafuta kitu. Au nilikuwa natafuta, sijui. Jicho lililozoea haliombi ruhusa. Lilienda moja kwa moja kwenye pua. Pua ya dada yangu ilikuwa nyeusi.

Nilikaa nikiitazama mpaka panya waliokuwa nyuma yangu wakaacha kukwaruza. Maji. Nilikuwa nimempa dada yangu maji ya chumvi, kutoka kwenye chupa iliyotobolewa mara sijui ngapi kwa sindano za panya. Msalaba wa chupa ile niliuchora mimi na niliufuta mimi. Kifuniko nilikigandisha mimi. Nilitapika kwenye ndoo ya maranda, nikaifunika na maranda mengine, kama tunavyofunika za panya.

Ungedhani nilikimbia kwa daktari. Mtu mwenye akili timamu angekimbia. Kutoka maabara hadi kliniki ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Lakini kumwambia daktari ni kumwambia kwamba niliiba, kwamba chupa zetu zina maji, kwamba picha za Shefu ni takataka na mimi nilijua, kwamba panya wanalala kwenye kitanda cha watu. Nilianza kuhesabu yatakayonipata mimi. Mimi, ambaye mkono wangu haukulala. Nikajiambia nisubiri kidogo, labda ugonjwa utatulia wenyewe. Kwa baadhi ya watu hutulia. Nikajiambia nitatafuta produit safi kimyakimya, turudie picha, mtu asijue. Uongo una uvivu wake: ukishaujengea nyumba leo, hauhami kesho.

Nikatuma ujumbe kwa binamu aliyeko Sakania, anayefanya biashara ndogo za mpakani, nikamwomba aulizie upande wa Zambia. Akajibu atauliza. Mimi nikaendelea na kazi. Asubuhi panya, jioni Katuba. Kila siku nilipita kumwona, bila kukosa hata moja, na majirani wakaanza kunisifu. "Kaka wa namna hii hapatikani," mmoja alisema nikiwa nasikia. Mama akaniombea baraka. Mate yalinijaa mdomoni, nikayameza.

Siku ya nne tangu niitazame diski, dada alikuwa anashikilia ukuta. Siku ya saba mkono wa kulia haukuweza kushika sindano, akawa anakata nyuzi kwa meno na kuwatukana mabibi harusi. Siku ya tisa alilalamika kwamba upande wa kushoto mtu ameweka moshi mbele ya jicho lake. Aliniuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma, kama moshi unaweza kutokea bila moto. Nikamwambia daktari amesema ni ya zamani. Nililitumia jina la daktari, kijana yule mwaminifu aliyedanganywa na chupa yangu, kama mtu anayejifuta mikono kwenye kanzu ya mwenzake.

Siku ya kumi na moja asubuhi nilikuwa napima panya kama kawaida. Nilikuwa na kumi na wanane siku hiyo. Nikafika mwisho, nikahesabu mistari kwenye daftari ili nitie sahihi, nikakuta mistari kumi na tisa. Nikarudia kuhesabu. Mstari wa chini haukuwa na namba ya panya. Ulikuwa na alama tu, kwa mwandiko wangu, siku moja baada ya nyingine, zimepangwa sawasawa chini ya tarehe: mbili, mbili, mbili, tatu, tatu, tatu. Na ya asubuhi hiyo nilikuwa nimeshaijaza pia, sijui saa ngapi, kabla hata ya kumwona. Nne.

Nimewahi kuona vidonda vyenye funza. Nimewahi kumtoa panya aliyeliwa nusu na wenzake kwenye kisanduku. Hakuna kilichowahi kunitia kinyaa kama mwandiko wangu kwenye mstari ule, ulivyokuwa mzuri, wa mtu asiyetetemeka.

Niliwaacha panya kwenye meza, nikatoka nilivyo, na koti langu, nikatembea ile nusu saa. Daktari alikuwa katikati ya wagonjwa. Nikasimama mlangoni nikasema lazima nizungumze naye sasa hivi kuhusu picha ya dada yangu.

"Ile produit ilikuwa mayi," nikasema.

"Namna gani mayi? Chupa ilitoka wapi?"

"Kwetu. Kwa bapanya."

Nikamweleza yote, na la Jumapili pia. Hakunifokea. Alifungua picha kwenye kompyuta yake, akaenda kwenye pua, na nikaona shingo yake ikibadilika rangi. Alijua kwamba hata yeye alipaswa kuona. Kisha akainuka, akaenda kwenye sinki, akaosha mikono kwa sabuni hadi viwiko. Hakuwa amenigusa. Akasema, mgongo ukinitazama, nimlete dada haraka, na nikishamleta nisiingie naye.

Walimlaza saa hiyo hiyo, wakamtoa damu wapime kama sindano yangu imempa na ugonjwa mwingine juu ya ule, wakamtundikia cortisone bila kungoja picha mpya. Siku ya tatu binamu alituma chupa kutoka Sakania, ndani ya termosi ya mama mmoja mfanyabiashara. Daktari aliifungua mwenyewe, kwa mikono yake. Niliruhusiwa kuona picha baadaye, labda kwa adhabu. Pua iling'aa peupe kabisa, na nyuma yake, ndani ya ubongo, palikuwa na pete na madoa meupe, mengine karibu na njia ya jicho. Hayo ni baada ya siku tatu za dawa. Namna yalivyokuwa kabla, siku ile ya vitamini, hakuna atakayejua.

Mkono ulirudi. Miguu ilirudi nusu. Anatembea akigusa ukuta. Damu ilikuwa safi, namshukuru Mungu ingawa sikustahili. Jicho la kushoto halikurudi. Daktari aliniambia hakuna anayeweza kusema kama siku zile zingeleta tofauti. Hiyo ni huruma ya madaktari, na nilimwona alivyokuwa anaangalia viatu vyake akiisema.

Shefu alinifukuza kwa wizi, na ni kweli niliiba. Niliwaandikia wale wageni barua kuhusu maji na pua. Hawajajibu. Nasikia chumba cha panya kina mtu mpya.

Dada alikuwa hajui. Nilimwomba daktari aniachie mimi nimwambie, akakubali kwa sharti la wiki moja. Nilienda Katuba siku ya sita, mama akiwa sokoni. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, amegeuza kichwa kidogo upande, kama anavyofanya sasa ili jicho zima likufikie. Nilisimama. Sikuona haki ya kukaa. Nikamwambia kuhusu msalaba na gundi na mkono wangu nyuma ya rafu, na kuhusu diski niliyoitazama kesho yake. Hakunikatiza, yeye ambaye hukatiza hata padri.

Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja.

"Ulijua tangu kesho yake ya picha."

"Eee."

"Njo ulifika kwa docta siku gani?"

"Ya kumi na moja."

Alihesabu kwa vidole vya ule mkono uliorudi, polepole, kila kidole akikigusa kwa kidole gumba. Vilipokwisha akaanza upya, vikaisha tena, akaanza mara ya tatu, akakomea kumi na moja.

"Na kila siku ulikuyaka hapa."

"Nilikuja kila siku."

"Na ulikuwa unakula."

Nilikuwa nakula. Kila jioni alinisongea bukari, ugali wetu, amekaa kwenye kigoda kwa sababu miguu haikumbeba, mwiko ameushika kwa mkono wa kushoto na sufuria ameibana kwa magoti, akaniwekea na samaki wa Kasenga, kipande cha kichwa, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Nilinawa, nikala, nikamaliza. Siku ya tisa, baada ya habari ya moshi, nilimwomba aniongeze.